Ngoma Niliyoipasua, na Nyundo Isiyodunda

Kwenye meza yangu ya kuandikia kuna kipande cha chuma chenye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Upande mmoja ni laini kama kioo, upande wa pili umemeguka kama biskuti kavu. Hukitumia kukandamiza karatasi zisipeperushwe na upepo wa ziwani. Zamani kilikuwa sehemu ya ngoma ya breki ya nyuma ya Toyota Probox, na aliyekimegua ni mimi mwenyewe, Jumamosi moja asubuhi, uani kwangu, kwa nyundo ya chuma ya kilo moja na nusu na haraka ya mtu aliyedokezwa kwamba kuna kituo kimepata petroli.

Kifaransa na Kiswahili vimekubaliana kuiita ngoma. Na hapa Burundi ngoma si kitu cha kuchezea. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza uchezaji wa ngoma za kifalme za Burundi katika orodha ya turathi za utamaduni zisizoshikika, na katika Kirundi neno ingoma lilibeba maana mbili kwa pamoja, ngoma yenyewe na ufalme. Katika nchi ya namna hiyo, mimi nikapasua yangu.

Fundi wa mtaa wa Buyenzi niliyempelekea vipande hakunicheka, angalau si mbele yangu. Aliniuliza tu kama nilikuwa nimeshusha breki ya mkono. Nilikuwa nimeshusha. Akaniuliza kama niliviona vile vitundu viwili vyenye nyuzi kwenye uso wa ngoma. Sikuviona, au niliviona nikadhani ni mapambo. Basi akachukua bolti mbili za milimita 8, akazifunga kwenye vitundu vya ngoma ya upande wa pili, akawa anakaza moja nusu mzunguko, kisha nyingine nusu mzunguko, mpaka ngoma ikaanza kujisukuma yenyewe kutoka kwenye habu. Ilipokwama katikati ya njia aliinama chini ya meza yake, akatoa nyundo ya plastiki ya rangi ya chungwa, kichwa kinene kama kikombe cha uji, akaigonga ngoma ukingoni mara tatu, akiizungusha kila baada ya pigo. Nyundo haikulia. Ilitoa mshindo mfupi, mzito, kama gunia la maharage linapotuliwa sakafuni, na ngoma ikamwangukia mikononi.

Nikaomba niishike ile nyundo. Nilipoiinua nikasikia ndani ya kichwa chake kitu kinatiririka, kama mchele ndani ya kopo.

Nyundo hiyo haina jina moja la Kiswahili. Wengi huiita nyundo ya plastiki, jina linaloipa undugu wa bure na vinyundo vyepesi vya plastiki tupu ambavyo ni kitu kingine kabisa. Katalogi za Kifaransa husema ni nyundo isiyo na mrudio. Mimi nitaiita nyundo isiyodunda, kwa sababu mpira hudunda, nyundo ya chuma hudunda, hii haidundi. Neno nyundo lenyewe halihitaji mkalimani hapa, kwani Kirundi husema inyundo, na katika falme za ukanda huu wa maziwa nyundo haikuwa mali ya mhunzi peke yake. Kaburi la mfalme Cyirima Rujugira wa Rwanda lilipofukuliwa mwaka 1969, kichwa chake kilikutwa kimelazwa kwenye nyundo za chuma. Mtu huyo asingeelewa kwa nini tunainunua nyundo bila kuikagua, kama tunavyonunua pakiti ya chumvi.

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura tangu enzi za Wabelgiji, mji ulipokuwa ungali unaitwa Usumbura. Barabara zake zimenyooka na kupewa namba badala ya majina, Mto Ntahangwa unapita ubavuni mwake, na Kiswahili ndicho kinachosalimia, kinachogombana na kinachopatana bei. Gari likikushinda popote mjini, ushauri huwa mmoja tu: lipeleke Buyenzi. Ukifika asubuhi utausikia mtaa kabla ya kuuona. Mabati yananyooshwa, springi za magari zinakunjwa kwa moto, mtu anatoa beringi, mwingine anairudisha. Karibu sauti zote hizo ni za chuma juu ya chuma. Ndiyo maana ile nyundo ya rangi ya chungwa ilinishangaza, kwa kuwa ilifanya kazi katikati ya kelele zile kama mtu anayezungumza kwa sauti ya chini na bado akasikilizwa.

Kinachofanyika ndani yake ni rahisi kukieleza kwa mtu aliyewahi kupanda Hiace. Dereva akikanyaga breki ghafla, gari limesimama lakini abiria bado wako safarini, na wote wanaishia migongoni mwa walioketi mbele. Kichwa cha nyundo hii ni kama kibuyu, ndani ni wazi, na uwazi huo umejazwa kwa sehemu tu kwa chembe za chuma ndogo kama punje za mtama. Unaposhusha mkono, chembe zinakuwa zimejibanza nyuma. Uso wa nyundo unapogusa kazi, ganda linasimama na linataka kuruka kurudi lilikotoka. Ni wakati huo huo abiria wanawasili. Chembe zinafika zikiwa zimechelewa kidogo tu, zinalisukuma ganda mbele, na ule mrudio unakufa kabla haujaanza.

Wauzaji wakifika hapa hupenda kuongeza chumvi. Husema kwamba nguvu yako yote huingia kwenye kazi, haipotei hata chembe. Si kweli. Sehemu ya nguvu huishia katika msuguano wa chembe zenyewe, zikisuguana na kugongana, ikawa joto dogo usilolihisi. Zaidi ya hapo, kwa hesabu za fizikia ya sekondari, nyundo inayodunda hukisukuma kitu zaidi kuliko isiyodunda yenye uzito na kasi ile ile, kwa sababu kitu hicho kimelazimika kuisimamisha nyundo na kisha kuirudisha ilikotoka. Ukimwambia muuzaji hivyo atakuona mwalimu.

Tofauti halisi iko kwenye muda. Pigo la chuma juu ya chuma huanza na kuisha kwa kitambo kifupi mno, na nguvu yote hukusanyika kwenye ncha ya kitambo hicho, mara nyingi kwenye eneo dogo kama ukucha. Chuma cha kusubu, ambacho ndicho kilichotengeneza ngoma yangu, hakipindi; kikizidiwa mahali padogo humeguka. Nyundo isiyodunda huligawa pigo hilo hilo likachukua muda mrefu zaidi, juu ya uso mpana zaidi na laini zaidi. Ya chuma huchapa. Isiyodunda husukuma. Ukishika hilo huhitaji orodha ya matumizi, utajua mwenyewe pa kuitumia na pa kuiacha.

Pa kuiacha ni pengi, na hapo ndipo wengi wanapoionea. Boljointi iliyokazana kwenye tundu lake la mshazari haitaki kusukumwa, inataka kushtuliwa. Fundi huipiga ile shingo ya chuma inayoishika, ubavuni, kwa nyundo ngumu, mara moja au mbili kali, nayo inaachia. Ukiipiga kwa nyundo isiyodunda utachoka bure. Bolti iliyoliwa na kutu vile vile hutaka mshtuko wa kuvunja ile kutu. Msumari hautaki nyundo hii kabisa, wala patasi, wala sindano ya kutobolea chuma. Kitu chochote chenye ncha kitautoboa uso wake, na uso ukitoboka, safari ya chembe kuelekea sakafuni imeshaanza.

Pa kuitumia ni pale unapotaka kitu kisogee, kikae, au kiachie, bila kubaki na alama. Rimu ya alumini iliyoganda kwenye habu, ukiipiga kutoka ndani huku unaizungusha. Mfuniko wa injini uliogandiana na silikoni ya zamani. Mlango wa gari usiokaa sawasawa kwenye bawaba zake. Kwa wachonga vyuma kuna kazi moja ambayo kwayo nyundo hii haina mpinzani. Kipande kikishabanwa kwenye jiliwa la mashine, hujiinua kidogo, na kikiinuka kila kipimo kitakachofuata ni uongo. Hugongwa polepole juu yake mpaka vile vibao vya chuma vilivyowekwa chini yake vikatae kutikisika kwa kidole. Ukikigonga kwa chuma, nyundo hudunda, na kipande nacho huruka pamoja nayo, kila pigo linaharibu lililotengenezwa na pigo lililotangulia.

Maseremala nao. Nimesimama mara nyingi kwenye karakana za samani nikitazama kitanda cha mbao za libuyu, mbao zinazotoka Kongo, kikiunganishwa. Ulimi umeshapakwa gundi, tundu limeshapakwa gundi, dakika zinahesabika, na fundi anatafuta kipande cha ubao wa kuweka kati ya nyundo ya chuma na kazi yake ili asiache tundu kwenye mbao aliyoipiga msasa tangu asubuhi. Mkono mmoja umeshika ubao, wa pili umeshika nyundo, wa kushika kitanda haupo. Nyundo isiyodunda inamrudishia mkono mmoja. Kwa nyumba ya kawaida, ambako hakuna gereji wala karakana, hii ndiyo faida kubwa kuliko zote. Kabati lililonunuliwa vipande vipande, fremu ya dirisha iliyovimba msimu wa mvua, droo iliyolegea viungo, vyote hivyo hutaka kusukumwa.

Sasa kununua. Anza na uzito, kwa sababu ndiyo makosa ya wengi. Mtu akiingia dukani na hasira ya ngoma iliyogoma, hununua kubwa kuliko zote. Nyundo nzito huchosha kiwiko, na mkono uliochoka hauna shabaha. Kwa samani, kufuli na vitu vya ndani, nusu kilo inatosha. Kwa mwenye gari dogo au pikipiki ambaye anataka nyundo moja tu maishani, ningemwambia achukue ya pauni mbili, yaani kama gramu 900. Gereji ya magari madogo itapenda ya pauni tatu, kilo moja na gramu 360 hivi. Zaidi ya hapo ni kazi ya malori, na mwenye malori hahitaji ushauri wangu.

Lakini uzito ulioandikwa si lazima uwe uzito uliomo. Hili nimelijua kwa mizani ya maharage. Ya kwanza niliyonunua, katika duka ambalo sitalitaja, ilikuwa na kibandiko cha pauni mbili. Ilikuwa nyepesi mkononi, nikajiambia ni nguvu zangu. Siku hiyo hiyo nilipita soko la Ruvumera kununua maharage, nikamwomba mama muuzaji anipimie na nyundo. Alinitazama kama mgonjwa, lakini akaipima. Pauni mbili ni gramu 907. Mizani ilisema gramu 780. Ukijua kwamba ganda la plastiki halipungui, umeshajua kilichopungua ni chembe. Ilidumu miezi mitatu. Ikapasuka kwenye mshono wa shavuni nikiwa nanyoosha bampa, chembe zikamwagika uani, na watoto wa jirani wakaziokota zote kwa ajili ya manati. Kuku wa mtaa mzima walilipa deni la muuzaji yule.

Tangu hapo nina mambo ninayoyafanya kaunta kabla mkono haujaingia mfukoni. Naiweka nyundo sikioni na kuipindua taratibu. Chembe zinapaswa kutiririka kwa uhuru kutoka upande mmoja hadi mwingine, sauti ya mchanga mkavu au mchele. Ikiwa kimya kabisa, ama imejaa pomoni, na chembe hazina pa kukimbilia, ama ni kipande cha plastiki tupu kilichopakwa rangi ya kuvutia. Ikisikika kitu kimoja kikigonga kama kokoto ndani ya chupa, iache. Kisha naomba ruhusa niiangushe. Si kuitupa: naishika mpini kwa vidole viwili, uso umeelekea chini, naiachia iende na uzito wake kwenye sakafu ya saruji kutoka kimo cha goti. Nzuri hutua na kukaa. Mbovu huruka kama chura. Hakuna maelezo ya muuzaji yanayoweza kumshinda chura.

Halafu natazama mshono. Nyundo hizi humiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo mstari wa kuungana lazima uwepo, lakini usipite katikati ya uso unaogonga, wala usiwe na kingo kali au vipovu. Nabonyeza uso kwa ukucha. Ukizama na kuacha alama, ni laini mno kwa gereji. Ukiwa mgumu na unang'aa kama sahani, utakwaruza kile unachotaka kukilinda. Naukunja mpini kidogo nikiangalia shingo, pale mpini unapoingia kichwani, maana huko ndiko zinakofia. Mpini mzuri una ufito wa chuma au nyuzi za kioo ndani yake, na huonyesha ubishi. Mpini wa plastiki tupu hukunjika bila aibu. Mwisho nainusa. Plastiki ya bei rahisi iliyochanganywa vibaya hutoa harufu kali ya viatu vipya vya bandia, na kwa joto la mji huu nimeona nyundo kama hizo zikianza kunata kabla ya mwaka kuisha.

Harufu inanileta kwenye aina, na hapa mambo ni mawili. Kuna zile zilizomiminwa kipande kimoja, kichwa na mpini, zimefunikwa zote kwa poliurethani. Stanley wamezitengeneza kwa muda mrefu kwa jina la Compo-Cast, na nyingi tunazoziona zikining'inia madukani, za rangi ya chungwa, nyekundu au nyeusi, ni wajukuu wa wazo hilo, halali na wasio halali. Halafu kuna zile za kichwa cha bomba la chuma chenye chembe ndani, na nyuso mbili zinazobadilishwa zikichakaa. Halder wa Ujerumani hutengeneza moja inayoitwa Supercraft, nyuso za nailoni, mpini wa mti wa hikori, na wachonga vyuma wa Ulaya huiapia.

Ukiniuliza ni ipi bora, nitakujibu kwa ramani. Bidhaa ya namna hii ikiingia Bujumbura imepitia bandari ya Dar es Salaam, ikapanda barabara mpaka mpaka wa Kobero, au imefika Kigoma ikavuka ziwa. Pesa za kigeni zimekuwa adimu kwa waagizaji miaka hii, na mwagizaji mwenye dola chache hataagiza vipuri vya nyundo. Nyundo yenye nyuso za kubadilisha ni nzuri mahali ambapo nyuso za kubadilisha zinapatikana. Kabla ya kuilipia, muulize muuzaji akuonyeshe uso wa akiba. Asipokuwa nao, muulize ni nani mjini anao. Akianza kukuhadithia kuhusu kontena lililo njiani, chukua ile ya kipande kimoja, ukijua kwamba siku yake ikifika unaizika nzima. Kuna pia ndugu na jamaa wanaoleta vifaa kutoka Dubai ndani ya sanduku la nguo. Ndiyo njia ambayo baadhi ya nyundo nzuri kabisa nilizoziona Buyenzi zilipitia. Nyundo ya kilo moja katika sanduku la kilo ishirini na tatu ni mapenzi ya kweli.

Bei sitaitaja. Bei ya leo mjini hapa haimjui jirani yake wa keshokutwa. Nitasema hili tu: kati ya nyundo mbili za duka moja, tofauti ya bei ikiwa ni kama ya nauli ya wiki moja, lipa. Ngoma ya breki, hata ile iliyotumika, ilinigharimu zaidi ya nyundo zote mbili nilizozinunua baadaye.

Wapo wasionunua. Buyenzi haijawahi kusubiri kontena. Nimeona nyundo isiyodunda iliyotengenezwa kwa kipande cha bomba la maji, chembe zake ni gololi za beringi zilizokufa, nyuso zake zimekatwa kwenye tairi la lori na kufungwa kwa bolti. Ilikuwa na sura mbaya, na ilikaa sakafuni bila kuruka. Anayetaka kuitengeneza aangalie mambo mawili. Bomba lisijazwe likafurika, libaki na nafasi ya chembe kukimbia. Na asichomelee bomba lililofungwa pande zote bila tundu la kupumulia, hasa lenye mabaki ya mafuta ndani, kwa sababu hewa ikipashwa moto bila pa kutokea hugeuka bomu. Tundu huzibwa mwishoni.

Jambo la tatu ni zito zaidi, nami nimelisikia likipendekezwa kwa moyo safi: kuyeyusha risasi ya betri za zamani na kumimina ndani, kwa kuwa ni nzito na ni bure. Usifanye. Mombasa, katika kitongoji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia sumu damu za watu, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, mama ambaye mtoto wake mwenyewe alikutwa na risasi mwilini, aliwapigania wakazi hao akapata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, uamuzi uliozua rufaa za miaka. Hayo yote ni kwa sababu ya moshi na vumbi la metali ile ile. Sufuria moja ya risasi uani, watoto wakicheza kando, si nyundo tena. Gololi zipo, zimejaa kwenye kila rundo la vyuma chakavu, na hazimdhuru mtu.

Ukishaipata, ifiche jua. Mji wetu uko kandokando ya Tanganyika, mita mia saba na kitu juu ya usawa wa bahari, joto na unyevu vinalala nyumba moja. Kuna aina za poliurethani ambazo unyevu wa joto huzila polepole kutoka ndani, zikaanza kunata, kisha kumomonyoka kama sabuni ya kipande. Nyundo iliyoachwa juu ya bati au kwenye kioo cha nyuma cha gari inazeeka kwa siku kama inavyozeeka kwa wiki ikiwa kivulini. Mafuta ya breki ni adui mwingine, yakidondoka juu yake yafute kabla hujamaliza sentensi. Petroli vivyo hivyo. Na kwa kuwa siku hizi za uhaba wako wanaotunza dumu la akiba nyumbani, nitaongeza kwamba ni kweli uso wa plastiki hautoi cheche kama chuma, lakini hilo si ruhusa ya kugonga chochote karibu na mvuke wa petroli. Toka nje kwanza.

Ikionyesha ufa, hata mwembamba kama unywele, itoe kazini. Watu hufunga mpira wa tairi juu ya ufa na kuendelea. Chembe zikitoka hazichagui pa kwenda, na moja tu ikiingia kwenye giaboksi iliyo wazi, utazikumbuka zile nyingine zote kwa majina.

Nyundo yangu ya pili niliinunua kwa sikio, kwa sakafu na kwa mizani ya yule mama wa Ruvumera, ambaye safari hii alipima kwanza bila kuniuliza. Gramu 910. Nilikwenda kumwonyesha yule fundi, kwa majivuno kidogo. Akaiinua, akaipindua sikioni, akaiachia sakafuni, ikakaa. Akasema ni nzuri, akauliza kama ningeweza kumwachia hadi jioni, kwa kuwa ya kwake ilikuwa imeazimwa na jirani.

Hiyo ilikuwa kabla ya mvua za masika. Jumamosi iliyopita nilikwenda tena kuidai. Niliikuta juu ya gurudumu la Hiace, imepakwa grisi, mpini wake umechomwa herufi mbili ambazo si zangu. Fundi alinisalimia vizuri sana, akaniulizia familia, akamtuma kijana alete chai. Akasema imebaki ngoma moja tu, nisubiri kidogo. Nikavuta tairi bovu, nikakaa, nikasikiliza ile nyundo yangu ikigonga bila kulia.